Uvimbe wa kichwani umeshatibiwa, sasa ufuatilie na picha ipi? MRI ya kawaida, pafyusheni, spektroskopi au PET

Hii nawaandikia wale ambao sasa hivi wana ripoti mkononi, imeandikwa sehemu inayong'aa imeongezeka, na daktari kasema kuna njia mbili tatu za kuendelea nazo, nendeni mkazungumze nyumbani afu mrudi. Sisi tulizungumza Ngamiani, Tanga, habari ya mjomba wangu, sebule imejaa hadi barazani, kila shangazi ana lake, mmoja anataka India, mmoja anataka mgonjwa anyweshwe kombe kwanza, na mke wa binamu yangu kajikalia zake kwenye mkeka akauliza, kwani MRI si MRI tu? Watu wakamcheka. Mi naona yeye ndo aliuliza la maana kuliko sote.

Maana MRI, ile picha ya sumaku, si MRI tu. Mashine inaweza kuwa ileile, chumba kilekile na kelele zilezile kama mafundi wanagonga mabati, ila kinachopimwa mle ndani kinatofautiana, na ukishajua tofauti ndo unajua kama safari ya Dar ya mara ya pili ina maana au unachoma hela tu.

Shida yenyewe iko hivi. Mgonjwa akishafanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi na akanywa vidonge (kwa glioblastoma, ule uvimbe mkali wa ubongo, utaratibu unaofuatwa tangu 2005 ni mionzi wiki 6 pamoja na temozolomaidi, afu vidonge vinaendelea), ile sehemu iliyopigwa mionzi inaweza kuvimba na kung'aa kwenye picha utadhani uvimbe umerudi. Dawa wanayochoma kwenye mshipa, gadoliniamu, inang'aa pale ambapo ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo umetoboka ikavuja. Uvimbe unatoboa huo ukuta. Mionzi nayo inautoboa. Dawa yenyewe haijui nani katoboa, inavuja tu.

Kwahiyo kuna mambo mawili yanayojifanya ugonjwa. La kwanza ni ukuaji wa uongo, huu mara nyingi unakuja ndani ya miezi 3 ya mwanzo baada ya mionzi, kwa glioblastoma unawapata kama watu 2 hadi 3 kati ya 10, na baadaye unanywea wenyewe. La pili ni kidonda cha mionzi, yaani ubongo uliokufa kwa kuunguzwa, hiki kinachelewa, miezi kadhaa hata miaka. Na kuna la tatu ambalo ni kinyume chake, nitalisema huko chini.

Ntakavyolinganisha: kila njia naiuliza maswali haya haya, inaonyesha nini, inadanganywa na nini, mgonjwa anapitia nini, inapatikana vipi kwa mtu wa huku kwetu, na inamfaa nani. Lakini kabla ya yote mwulize daktari swali moja, jibu likija hivi mtafanya nini, na likija vile mtafanya nini? Kama kote kote atafanya kitu kilekile basi picha ya gharama inaweza kusubiri.

MRI ya kawaida, afu unarudia

Hii ndo msingi, hizo nyingine zote zinakaa juu yake. Inaonyesha umbo na ukubwa, wapi panang'aa baada ya dawa, wapi maji ya uvimbe yametanda. Picha ya kwanza inatakiwa ndani ya siku 2 au 3 baada ya upasuaji ili ijulikane kilichobaki, nyingine kama mwezi mmoja baada ya mionzi kuisha, na kuanzia hapo kila baada ya miezi 2 hadi 4 kwa uvimbe mkali.

Inadanganywa na hicho nilichokisema, kuvuja kwa dawa. Ndo maana mwongozo wa madaktari unaoitwa RANO, wa mwaka 2010, unasema ndani ya wiki 12 za mwanzo baada ya mionzi usitangaze kwamba ugonjwa umerudi kwa sababu tu panang'aa zaidi, labda kiwe kimetokea kitu kipya nje ya eneo lililopigwa mionzi au kipande kimekatwa kikathibitishwa maabara. Toleo la 2023 likaongeza kwamba picha ya kulinganishia iwe ile ya baada ya mionzi, sio ile ya baada ya upasuaji. Hili watu wengi hawaambiwi, wanalinganisha na picha ya wodini wanaanza kulia.

Tulilia na sisi. Mjomba wangu, mvuvi wa Sahare, picha yake ya kwanza baada ya mionzi ilikuwa mbaya kuliko ya kabla. Daktari akasema anatembea vizuri, haongezi dawa, hana degedege, turudie baada ya wiki 8. Sie tukaona huyu daktari katukatia tamaa. Mjomba mwenyewe ndo alitutuliza, akasema, "mwanangu, mgeni akija Tanga siku ya bamvua maji yakajaa mpaka juu, atasema bahari imepanda. Mwambie akae mpaka maji mafu." Wiki 8 zikapita, tukarudi, panang'aa nusu ya mwanzo.

Simaanishi kila mtu atapata hivyo. Kusubiri kuna gharama yake, kama kweli umerudi basi umeupa wiki 8 za kukua. Ila kwa mgonjwa ambaye mwili wake haujabadilika na yuko ndani ya ile miezi ya mwanzo, kurudia picha ya kawaida ni njia halali kabisa, sio njia ya maskini.

Anachopitia: nusu saa hadi dakika 45 kulala chali bila kutikisika, sindano ya dawa, kipimo cha figo kabla. Kwa watu wa huku hili nalisisitiza, vua kila chuma, sio saa na simu tu, kuna pini za mtandio, kipini cha pua, vibanio ndani ya kilemba, na hirizi yenye kifuko cha fedha au bati, bibi mmoja tulikuwa naye foleni aligoma kuvua yake mpaka mwanae akaivaa yeye. Vyuma vya kushikia fuvu baada ya upasuaji kwa kawaida ni titaniamu, havina shida, ila waambie. Na kama mgonjwa kawekewa mpira wa kupunguza maji kichwani wenye kifaa kinachorekebishwa kwa sumaku, lazima wajue kabla, maana MRI inaweza kuubadili mpangilio wake, inabidi ukaguliwe baada ya picha.

Mfuko: laki kadhaa, na bima nyingi zinataka kibali kwanza, kiombeni mapema msije mkafika dirishani ndo mnaambiwa. Kwetu ni basi la alfajiri Kange, Segera, Chalinze, mpaka Mbezi, kilomita kama 350, afu daladala. Mtu mwenye kichwa kinachouma hiyo barabara ni kipimo tosha.

MRI yenye pafyusheni

Hii haiulizi dawa imevuja wapi, inauliza damu imejaa wapi. Uvimbe hai unajijengea mishipa yake mwenyewe, mingi, ya hovyohovyo, kwahiyo damu inakuwa nyingi pale. Kidonda cha mionzi ni nyama iliyokufa, damu inakuwa kidogo. Wanachoma gadoliniamu kwa kasi, mashine inapiga picha mfululizo kwa kama dakika 2 ikifuata dawa inavyopita, afu kompyuta inatoa ramani yenye rangi. Ripoti itasema ujazo wa damu umepanda au umeshuka ukilinganisha na upande wa ubongo usio na ugonjwa.

Kwa maoni yangu kama unatakiwa kuongeza kitu kimoja tu juu ya MRI ya kawaida, na swali lenu ni umerudi au ni mionzi, hii ndo ya kuuliza kwanza. Haiongezi muda wa maana, unalala palepale, sindano ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba inataka mshipa mzuri mkononi, njia ya dripu iwe pana kidogo maana dawa inaingia kwa nguvu, na wagonjwa waliokaa kemo muda mrefu mishipa yao imechoka, mnyweshe maji ya kutosha siku moja kabla.

Inadanganywa na nini? Damu iliyoganda kwenye shimo la upasuaji, vyuma, na maeneo yaliyo karibu na mifupa ya chini ya fuvu na uwazi wa hewa wa pua na masikio, pale picha inapotea kama mtu kaifuta na kitambaa. Na uvimbe na kidonda vinaweza kukaa pamoja, mchanganyiko, ramani ikatoka rangi ya katikati na kila mtu akarudi nyumbani na swali lake. Kingine, hakuna namba moja ambayo hospitali zote zimekubaliana kwamba ikizidi hapa ni uvimbe. Kwahiyo ukipiga sehemu moja ukaja kurudia sehemu nyingine usilinganishe namba na namba.

Ipo aina nyingine ya pafyusheni isiyotumia dawa kabisa, inaweka alama kwenye damu yenyewe kwa kutumia sumaku shingoni, hii inawafaa watoto, wenye figo mbovu, na wajawazito ambao gadoliniamu inaepukwa kwao. Ubaya wake picha ni hafifu zaidi, inapendeza kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 3 kuliko ya 1.5.

Sasa hapa ndo pa kuwa mjanja. Mashine nyingi zina uwezo wa kupiga pafyusheni, ila kupiga ni jambo moja, kuwa na programu ya kuchambua na mtu wa redioloji aliyeizoea ni jambo jingine. Kabla hujanunua tiketi piga simu uulize hivi, mnapiga pafyusheni ya uvimbe wa ubongo na ripoti yake inaandikwa hapo hapo? Wakikuambia njoo tutaona, usiende.

Spektroskopi

Hii kidogo ni kama maabara bila sindano. Wanachagua kijisanduku ndani ya ubongo, mashine inasoma kemikali zilizopo inachora vilele kama milima ya Usambara. Kolini ikipanda, seli zinazaliana, inaelekea kwenye uvimbe. Ile kemikali ya neva nzima, NAA, ikishuka maana yake neva zimeharibika, iwe kwa uvimbe au kwa mionzi. Mafuta na laktati vikitawala na vingine vyote viko chini, inaelekea kwenye nyama iliyokufa.

Udhaifu wake ni huo huo wa kijisanduku. Kikiangukia nusu uvimbe nusu kidonda, jibu ni nusu nusu. Sehemu inayopimwa ikiwa ndogo chini ya sentimita moja inakuwa kubahatisha. Karibu na mfupa au ngozi ya kichwa mafuta ya pale yanaingia kwenye kipimo yanaharibu kila kitu. Na inaongeza dakika 5 hadi 15 za kulala kimya, mtu akikohoa tu imekwenda, mjomba alishindwa hapo, alisinzia akashtuka.

Inamfaa mwenye donge kubwa la kutosha, likiwa ndani mbali na mfupa, na ambaye pafyusheni imeleta jibu la katikati. Peke yake mi nisingesafiri kwa ajili yake, ila ikiwa inapigwa siku hiyohiyo na pafyusheni basi iongezwe.

Hapohapo niseme neno la difyusheni, maana mtaiona kwenye ripoti na hamjaiomba. Inapima maji yanavyotembea kati ya seli, seli zikibanana maji hayapiti, hiyo inaashiria uvimbe. Ni ya dakika chache, karibu kila mashine inaipiga. Lakini kiharusi kidogo pembeni ya shimo la upasuaji kinaonekana vilevile, na usaha pia, kwahiyo ni shahidi wa pembeni, sio hakimu.

PET ya amino asidi

Hapa tunatoka kwenye sumaku, ila ukilinganisha lazima uitaje. Uvimbe unakula amino asidi, yaani vijenzi vya protini, kwa wingi, ubongo wa kawaida unakula kidogo, kwahiyo ukimchoma mgonjwa amino asidi yenye mionzi hafifu, pale uvimbe ulipo panawaka. Mwaka 2016 kundi la hao hao RANO lilitoa mapendekezo ya kuitumia kwa uvimbe wa aina ya glioma (unaoanzia ndani ya ubongo wenyewe), na kwa kutenganisha uvimbe na kidonda cha mionzi inaheshimika sana.

Usichanganye na PET ya sukari. Hiyo ndo inayopatikana zaidi kwa saratani za mwili, lakini ubongo wenyewe ni mlaji mkubwa wa sukari, kila mahali panawaka, ni kama kutafuta karabai Forodhani wakati wa futari. Mtu akikuambia PET ipo, uliza, ya sukari au ya amino asidi?

Na kwanini ya amino asidi ni adimu? Kwa sababu dawa yake haikai. Ile ya kaboni nguvu yake inapungua nusu kila dakika 20, lazima itengenezwe jengo hilohilo, ile ya florini inapungua nusu kila dakika 110 hivi. Kwa mtu wa Tanga hii kwa kawaida ina maana ya kutoka nje ya nchi. Na haina ukamilifu, kuvimba kwa kawaida kunakotokana na mionzi nako kunaweza kuiwasha kidogo.

Inamfaa nani? Yule ambaye uamuzi ulio mbele ni mkubwa, mfano kufungua kichwa mara ya pili, MRI zote zimekwama, na familia ingesafiri kwa matibabu hata bila PET. Kuuza shamba la machungwa Muheza kwa ajili ya picha tu, hapana, mi sikubali.

Biopsi nayo wengine wataitaja, kukata kipande. Ndo inayoaminika kuliko picha zote, ila ni upasuaji wenye hatari zake, na sindano inaweza kuchota kidonda ikaacha uvimbe uliokaa milimita chache pembeni.

Na lile la tatu nililoahidi. Mgonjwa akipewa bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kujijengea mishipa ya damu, mishipa inaacha kuvuja, picha inatulia ndani ya siku chache, watu wanashukuru, kumbe uvimbe unaendelea kutambaa chinichini bila kung'aa. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, nayo inapunguza kung'aa. Kwahiyo kila mnapopiga picha mwandikieni mtaalamu wa redioloji mgonjwa yuko kwenye dawa gani, dozi ngapi, tangu lini, na mionzi iliisha tarehe ngapi. Karatasi moja tu. Hospitali moja tuliyopita walisoma picha bila kujua tarehe ya mionzi wakaandika ugonjwa umerudi, na ile ripoti ikatutembeza miezi.

Sasa wewe uko wapi hapo?

Kama mionzi imeisha chini ya miezi 3 na mgonjwa yuko vilevile, mara nyingi kurudia MRI ya kawaida inatosha, mashine ileile kama inawezekana. Ukiweza kupata pafyusheni kwenye safari hiyohiyo, chukua.

Kama imeshapita miezi 6 au mwaka ndo panaanza kung'aa, hapo pafyusheni ina kazi ya kweli, maana kinachogombaniwa ni kidonda cha mionzi au uvimbe, na kusubiri tu hakukuambii mengi. Hivyohivyo kwa waliopigwa mionzi ya kulenga sehemu moja kwa ajili ya saratani iliyotoka kwenye titi au pafu ikapanda kichwani.

Uvimbe wa taratibu, glioma ya daraja la chini, mara nyingi haung'ai, kwahiyo usitegemee ile dawa ya kung'arisha picha, angalia maji ya uvimbe, na mwombe daktari alinganishe na picha ya zamani kabisa mliyonayo, sio ya mwisho tu. Unakua kidogo kidogo hivyo kwamba picha mbili zinazofuatana mara nyingi zinafanana, weka ya miaka mitatu nyuma ndo unashtuka. Ndo maana sidii zote zikae kwenye bahasha moja, nyumbani, juu ya kabati, sio ripoti za karatasi peke yake.

Meningioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, iliyotolewa yote na ikatulia, MRI ya kawaida kila mwaka au kama daktari alivyopanga. Pafyusheni hapo haisaidii sana, uvimbe huo kwa asili yake una damu nyingi.

Figo mbovu, mimba, au mtoto mdogo, uliza ile pafyusheni isiyo na dawa kabla hujakubali jingine.

Kichwa kimebadilika ghafla, anatapika, degedege mpya, usingizi usioeleweka, hapo acha habari za pafyusheni. CT ya haraka ya hospitali ya rufaa ya mkoa inaonyesha kama kuna damu au maji yamejaa, na hilo ndo linahitaji kujulikana usiku huohuo.

Na kuna mgonjwa aliyechoka. Mjomba safari ya nne aliuliza hilo swali mwenyewe, ikija mbaya mtanifanya nini? Daktari akamjibu ukweli, kwamba hana dawa nyingine ambayo mjomba angeikubali. Basi akasema hiyo nauli mnipe ninunulie nyavu, na daktari akaandika kwenye faili kwamba picha zimesitishwa, aje kliniki kwa dawa za maumivu na degedege.